KAHAWA INGALI MAUA
Juu ya watoto wanaosomeshwa kwa ajili ya miguu yao



Hapana mtu mzima katika vijiji vya Bukoba na Muleba asiyejua maana ya butura. Mkulima amebanwa na shida: kuna mgonjwa nyumbani, kuna msiba, ada ya mtoto inadaiwa. Kahawa yake iko mtini, ingali maua. Hapo huja mwenye fedha, akampa noti chache mkononi, na tangu siku hiyo mavuno yale si yake tena, ingawa shamba ni lake na jasho la kupalilia litakuwa lake. Kahawa ikiiva, ikachumwa na kuanikwa, faida humwendea yule aliyenunua maua. Serikali imeikataza biashara hiyo mara nyingi, nasi tumeikemea katika mafundisho yetu. Lakini tukumbuke jambo moja: mkulima aliyeingia butura hakushikiwa bunduki. Alikubali mwenyewe, na pengine alishukuru.

Tumeanza na kahawa kwa kuwa twataka kusema neno juu ya watoto. Kwa miaka mingi sasa pana desturi, ambayo wengi wetu twaisifu bila kuichunguza, ya shule kuwachukua vijana hodari wa mpira, riadha, netiboli au kikapu, kuwasamehe karo, kuwapa bweni na sare, ili wazichezee shule hizo. Twaiita ufadhili. Swali letu ni hili: je, ufadhili huo ni sadaka au ni ujira? Na kama ni ujira, je, ni ujira wa haki?

Lililo jema tulitaje kwanza

Hatutaki mtu asome kurasa hizi akadhani Kanisa linachukia michezo. Mtume Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorintho, alichukua mfano wa wakimbiaji uwanjani, na mwaka 2018 idara ya Vatikano inayoshughulikia walei na familia ilitoa waraka mzima juu ya michezo na utu wa binadamu. Tena matunda tumeyaona. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, ng'ambo ya Ziwa letu, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani, alipoipatia Tanzania medali ya fedha katika mbio za mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978, alipitia chuo hicho hicho. Katika miaka ya 1990 Shule ya Sekondari ya Makongo, Dar es Salaam, iliyo chini ya Jeshi la Wananchi, ilijulikana nchi nzima, wakati ikiongozwa na Kanali Idd Kipingu, kwa kuwakusanya vijana wenye vipaji na kuwaweka uwanjani na darasani pia. Hasheem Thabeet alipita hapo kabla ya kwenda Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa ligi ya kikapu ya NBA. Mwanza, nako, shule za Alliance zilijenga kituo cha michezo ambacho timu yake ilifika Ligi Kuu.

Kwa hiyo mzazi wa Nshamba au wa Katerero anayeona mlango wa namna hiyo ukifunguliwa mbele ya mwanawe hana kosa kuuingia. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za sekondari za Serikali hadi Kidato cha Nne, na tangu mwaka 2022 hata Kidato cha Tano na cha Sita. Lakini mzazi huyo anajua tofauti iliyopo kati ya shule ya kata, ambako mtoto hutembea saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, na shule binafsi yenye bweni, maabara na walimu wa kutosha. Tofauti hiyo ina bei, na bei hiyo hana. Anacho kitu kimoja tu ambacho shule ile inakitaka, nacho ni mguu wa mtoto wake.

Barua moja

Mama mmoja wa Muleba alitufikia na barua mkononi. Mwanawe wa pili, mshambuliaji, alionekana katika mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, akachukuliwa na shule moja ya mbali. Miaka miwili alisoma bila kulipa chochote, na shule ile ilipata vikombe viwili. Katika Kidato cha Tatu goti likaumia. Akacheza na goti hilo mara tatu zaidi, kwa kuwa mashindano ya UMISSETA yalikuwa yamekaribia na mwalimu wa michezo alimwomba avumilie. Kisha hakuweza tena. Barua aliyotuletea mama yule ilikuwa ya mistari minne: inamshukuru mzazi kwa ushirikiano, inamjulisha kwamba ufadhili umekoma mwisho wa muhula, na inamwambia kiasi cha karo kinachotakiwa ikiwa angependa mtoto aendelee.

Tulimwuliza kama aliwahi kutia sahihi mkataba wowote. Hakuwahi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejilaumu, kwamba alidhani mwanawe amepewa zawadi, na mpewa zawadi hadai.

Twaomba ndugu zetu waitafakari kauli hiyo kabla ya kuendelea kusoma. Shule ile haikuvunja ahadi yoyote, kwa sababu hakuna ahadi iliyoandikwa. Kijana alitoa kazi, na kazi hiyo ilikuwa na thamani: jina la shule lilitajwa redioni, na wazazi wenye uwezo wa kulipa wakapeleka watoto wao. Lakini kwa kuwa malipo yake yaliitwa zawadi, yalikatwa siku ambayo mguu ulikoma kufanya kazi. Wala matibabu ya goti hayakuwa juu ya mtu yeyote ila mama.

Mjane wa Colorado

Ili tuone kwamba jambo hili si la kijiji chetu tu, yafaa tuitazame nchi ambako desturi ya kusomesha wachezaji imekomaa kuliko kwingine kote, nchi ile ile iliyomsomesha Nyambui.

Mwaka 1955 kijana aitwaye Ray Dennison, mwanafunzi na mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika chuo kidogo cha Fort Lewis, jimboni Colorado, aliumia kichwa uwanjani akafariki. Mjane wake alidai fidia inayotolewa kwa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo lile ilimnyima, ikisema kwamba chuo hakifanyi biashara ya mpira. Ni katika miaka hiyo ndipo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kilipoanza kulisisitiza kila mahali neno lenye maana ya mwanafunzi-mwanamichezo. Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho kwa miongo mingi, alikuja kukiri katika kitabu alichokichapisha mwaka 1995 kwamba neno lile lilibuniwa ili wachezaji wasije wakahesabiwa kuwa wafanyakazi wenye haki ya fidia. Tazameni jinsi neno zuri linavyoweza kutumika kumnyima mjane haki yake.

Kisha mwaka 1973 chama hicho kikaruhusu ufadhili wa mwaka mmoja mmoja tu mahali pa ule wa miaka minne, na karibu miaka arobaini ikapita kabla ya vyuo kuruhusiwa tena kuahidi miaka mingi. Yaani kocha aliweza kumwacha kijana mwisho wa mwaka. Barua ya mistari minne, kumbe, si uvumbuzi wa kwetu.

Wakati huo wote vyuo vikubwa vilijaza viwanja na kuuza matangazo ya televisheni, na makocha wao wakalipwa mamilioni ya dola. Wachezaji walipouliza fungu lao, waliambiwa kwamba fedha zingeharibu masomo yao na kuvuruga usawa wa mashindano, maana vyuo tajiri vingenunua vijana wote hodari. Hoja ya usawa ina uzito masikioni. Lakini Jaji Claudia Wilken alipoipima mahakamani mwaka 2014 hakuridhika nayo: kutowalipa wachezaji hakukuwa kumeleta usawa wowote, kwa sababu vyuo tajiri vilikuwa vikiwavuta kwa viwanja, mabweni na makocha wa bei kubwa. Fedha iliyozuiwa kumfikia mchezaji ilimzunguka tu ikaingia kwa wengine.

Yaliyofuata yalikuja upesi. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, ilikitia hatiani chama kile kwa kuwekea kikomo misaada ya kielimu ya wachezaji, na mwezi uliofuata vijana wakaruhusiwa kupokea fedha za matangazo kwa kutumia majina na sura zao. Tarehe 6 Juni 2025 jaji yule yule aliidhinisha suluhu ya kesi nyingine: wachezaji wa miaka iliyopita kulipwa fidia ya dola karibu bilioni 2.8, na vyuo kuruhusiwa kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza.

Basi, je, haki imetimia? Imesogea, wala hatutaibeza. Hata hivyo sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo imeelekezwa kwa wanaume wanaocheza mpira wa Kimarekani, na baada yao kikapu, kwa kuwa huko ndiko soko liliko. Wasichana na wakimbiaji wanaokota yaliyobaki. Suluhu hiyo iliondoa kikomo cha idadi ya ufadhili, lakini ikaweka kikomo cha idadi ya wachezaji katika timu, na wengi waliokuwa wakicheza bila ufadhili walijikuta nje. Na kijana wa Kiafrika aliyekwenda huko kwa viza ya mwanafunzi anazuiwa na masharti ya viza yake kufanya kazi ya malipo isipokuwa kwa mipaka finyu, hata mwenzake wa Kimarekani anapotia sahihi matangazo, yeye huogopa kuigusa fedha hiyo asije akarudishwa kwao. Nyambui wa leo angekuwa katika kundi hilo.

Ujira wa mtoto

Kwa hiyo hatusemi kwamba shule zetu ziwalipe watoto mishahara. Wako vijana wa VIWAWA waliotuambia hivyo kikaoni, nasi tuliwasikiliza. Lakini mchezaji wa chuo cha Marekani ni mtu mzima. Wa kwetu ana miaka kumi na mitatu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kila aliye chini ya miaka kumi na minane kuwa mtoto, na humlinda asitumikishwe kazi ya kinyonyaji. Fedha taslimu kwa mtoto wa umri huo ingemfanya ndugu wa baba amtafutie soko kila muhula, na soko hilo lingekuwa baya kuliko butura ya kahawa.

Tunachosema ni hiki: karo iliyosamehewa kwa sababu ya mguu ni ujira, kwa jina lolote itakaloitwa, na wanaoutoa wanafungwa na sheria ya maadili inayomfunga kila mwajiri. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki. Mtu akikubali masharti magumu kwa sababu shida imembana na hana njia nyingine, huyo ametendewa ukatili. Papa wetu Leo XIV alipochaguliwa Mei 2025 alieleza kwamba alilichukua jina hilo kwa kukumbuka waraka huo. Mafundisho hayo yanamhusu mkulima aliyeuza maua, na yanamhusu mama aliyemkabidhi mwanawe bila karatasi. Shukrani yake haikumwondolea mwenye shule wajibu.

Mwisho wa mwaka kijana yule alikuwa amecheza mechi nyingi kuliko vipindi vya hisabati alivyohudhuria. Hilo nalo ni deni, na ni kubwa kuliko la goti, maana aliahidiwa elimu.

Walioachwa nyuma

Liko jambo jingine lisilotajwa sana. Mtoto mmoja hodari anapochukuliwa kutoka shule ya kata, hachukuliwi peke yake. Wenzake kumi wanabaki na timu isiyo na mhimili, wanafungwa katika hatua ya kata, na mwalimu aliyewafundisha jioni bila posho anakata tamaa. Mwaka unaofuata hafundishi. Hivyo shule chache zenye fedha zinakutana zenyewe kwa zenyewe kila mwaka, na nyingine zote zinakuwa vitalu vyao vya miche. Jirani zetu wa Uganda, ambako familia nyingi za mkoa huu zimesomesha watoto kwa kupitia Mutukula, wamefika mbali zaidi katika njia hiyo: shule kama St. Mary's Kitende zimejenga jina kubwa la kandanda kwa kuwakusanya vijana kutoka kila upande na kuwasomesha. Wachezaji wazuri wametoka humo, hatukatai. Lakini shule ya kijijini haiwezi kushindana na shule ya namna hiyo, hata mwalimu wake akeshe.

Tena anayelea hapati kitu. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya fedha za uhamisho wa mchezaji kwa waliomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23, lakini fungu hilo huenda kwa vilabu vilivyosajiliwa. Shule ya msingi ya Muleba iliyomwonyesha mtoto jinsi ya kusimamisha mpira haimo katika hesabu. Kanuni zinazozuia kuwahamisha walio chini ya miaka 18 kutoka nchi hadi nchi nazo ziliandikwa kwa ajili ya vilabu. Mtoto anayevuka mpaka kwa barua ya uhamisho wa shule hapiti mlango huo. Sisi Kagera twalifahamu jambo hili kwa uchungu, maana Uwanja wa Kaitaba umeshuhudia timu ya mkoa, Kagera Sugar, ikishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/2025, huku vijana wetu wakiendelea kutafutiwa timu mbali na kwao.

Tunaona inafaa wasimamizi wa UMISSETA wafikirie sharti kwamba mwanafunzi aliyehamia shule mpya asiichezee mashindano kwa mwaka wa kwanza. Marekani walikuwa na sharti kama hilo kwa wanaohama vyuo, nalo limekwisha kuondolewa kwa kuwa lilimnyima mtu mzima uhuru wa kuhama kama wanavyohama makocha. Hoja hiyo ni nzito kwa mtu wa miaka ishirini. Kwa mtoto wa Kidato cha Pili twaona mizani inaegemea upande mwingine: yeye ataendelea kusoma, kufanya mazoezi na kula chakula cha shule; atakayekosa ni yule aliyemleta kwa ajili ya kikombe tu. Shule itakayokubali kumsomesha mwaka mzima bila kumtumia itakuwa imeonyesha kwamba inamtaka yeye pia.

Tuanze na nyumba yetu

Itakuwa unafiki kuandika haya tukiwalenga wengine tu. Shule za Kanisa nazo hupenda vikombe, na baadhi yetu tumekaa katika bodi za shule tukapiga makofi mshambuliaji mpya alipotambulishwa, pasipo kuuliza alitoka wapi na ameahidiwa nini. Kwa sababu hiyo tumeandaa barua ya mfano ya ukurasa mmoja, nasi tunaziomba shule zetu ziwe za kwanza kuitumia. Ndani yake shule inaahidi kwa maandishi kwamba mtoto atasomeshwa hadi Kidato cha Nne, awe anacheza au ameumia. Kwamba matibabu ya jeraha la mchezoni ni juu ya shule. Kwamba hatachezeshwa akiwa mgonjwa, na mwenye kauli ya mwisho hapo ni mganga wala si mwalimu wa michezo. Na kwamba vipindi vilivyopotea kwa safari za mashindano vitafidiwa kabla ya mtihani. Wasichana wawe na nafasi za ufadhili kama wavulana, maana mpaka sasa netiboli haipewi robo ya heshima ya kandanda.

Barua hiyo isitiwe sahihi pembeni mwa uwanja siku ya fainali. Mzazi arudi nayo nyumbani, aisome pamoja na mwenyekiti wa Jumuiya yake Ndogo Ndogo au mjumbe wa halmashauri ya walei, na nakala moja ibaki ofisi ya parokia. Wawakilishi wa WAWATA wameahidi kuwasaidia akina mama wasiojua kusoma. Mwenye shule asiyekubali kuiandika barua hiyo aulizwe kwa upole sababu yake, na jibu lake liletwe kwetu.

Kijana wa yule mama yuko shule ya kata sasa, Kidato cha Nne. Anachechemea kidogo. Parokia ilichanga nauli ya kumpeleka hospitali mara mbili, na madaktari wamesema goti laweza kutengenezwa, ila gharama yake ni kubwa kuliko karo ile aliyosamehewa kwa miaka miwili. Tumeiandikia shule iliyomchukua, na tunangoja majibu.